Sauti Yangu Katika Tumbo la Mashine

Sauti yangu bado inaishi katika nyumba moja ya mtaa wa Bigo. Mimi mwenyewe sijakanyaga pale tangu waliponitoa, na sina hamu ya kukanyaga. Lakini sauti ilibaki, na naambiwa kila siku baada ya chakula cha mchana inaimba. Niliiacha kule kwa makusudi, nikijua itafanya nini. Watu wakiniuliza kama najuta, nawajibu nijute kwa lipi, mimi ndiye niliyekosewa. Hilo ni jibu langu la barabarani. Hapa kwenye karatasi nitasema yote, hata lile nisilolisema barabarani.

Nilikuwa mlezi wa mtoto. Baba wa nyumba alikuwa mnunuzi wa dhahabu, mtu wa safari, leo Kampala, kesho Dubai. Mama wa nyumba alikuwa na duka la nguo mjini. Yeye si mtu wa kwetu Ituri, alitoka Kisangani, mrembo, mwepesi wa kucheka, na sitamnyima sifa zake maana hazikumzuia kunitenda alivyonitenda. Binti yao wa kwanza alipofikisha miezi mitatu, mama alirudi dukani nami nikaitwa. Mama mzazi wa yule baba, anayeishi Fataki, ndiye aliyenichagua. Alitaka mjukuu wake alelewe na mtu anayejua lugha ya nyumbani, kwa sababu mwanawe mwenyewe lugha hiyo aliiacha shuleni. Anajua kusalimu na kuomba maji, basi.

Nieleze namna tunavyobeba watoto kwetu, maana kisa chote kiko hapo. Kumfunga mtoto wa mtu mgongoni si kazi ya mikono tu. Mwanamke mwenye kinyongo na nyumba hamfungi mtoto wa nyumba hiyo. Kama umekosewa, unasema kabla hujashika kikwembe cha kubebea. Mnakaa chini, mnatoleana yaliyo moyoni, mnakunywa maji ya kikombe kimoja, ndipo mtoto anapanda. Inaaminika kwamba uchungu wa aliyebeba unapita kwenye ngozi na kuingia tumboni mwa mtoto. Sijui kama unaingia. Najua tu kwamba sikuwahi kuivunja desturi hiyo, na asubuhi moja nilimwambia mama wa nyumba kuwa jana yake alinisemesha vibaya mbele ya wageni. Alicheka, akaomba radhi, akaniletea maji kwa mkono wake. Siku hiyo nilimpenda kweli.

Kwa hiyo mtoto alikaa mgongoni mwangu mwaka mmoja na miezi mitano. Nilifagia naye, nilipika uji naye, niliosha vyombo naye. Mgongo wangu ulijua homa yake kabla ya kipimo cha hospitali. Alipokuwa anataka kujikojolea alikaza magoti ubavuni mwangu, na nilikuwa na muda wa kutosha kumfikisha uani. Usingizi wake ulikuwa na namna yake: unaimba wimbo wa mama yangu, unampiga matakoni taratibu mara tatu, unapumzika, mara tatu tena. Ukipiga mara nne anafumbua macho na kukutazama kama umemwibia.

Sisemi nilikuwa malaika. Mara moja nilisinzia kwenye mkeka, nikaamka nikakuta ametafuna nusu ya sabuni, mapovu yanamtoka. Mara nyingine nilikuwa na maumivu ya jino, akalia mchana kutwa, nikamfinya paja. Sikumwambia mtu. Nasema leo ili mtu asije kuniambia mashine haifinyi. Najua haifinyi.

Mashine ililetwa na baba mtu kutoka Dubai. Ilikuwa na urefu wa ndoo mbili zilizopandana, nyeupe, yenye magurudumu chini, na mahali pa uso palikuwa na kioo chenye macho mawili makubwa ya bluu. Ilikuwa na jicho jingine dogo la kupiga picha, hivyo mama akiwa dukani aliweza kumwona mtoto katika simu yake na hata kusema naye. Tumboni ilikuwa na kifungo cha mviringo. Ukikibonyeza mara moja inaanza kuimba, ukikibonyeza mara ya pili inanyamaza. Hicho ndicho kitu cha kwanza mtoto alichojifunza juu yake.

Baba mtu alituita wote sebuleni, hata mlinzi wa lango, mzee mmoja aliyewahi kuchimba dhahabu Mongbwalu mpaka udongo ukamvunja mguu. Akaisimamisha mashine katikati ya zulia.

"Muone," akasema. "Hii roboti iko na akili kupita siye wote. Haichoki, hailali, haikasiriki na mutoto."

Mlinzi aliizunguka na mguu wake mbovu, akaitazama nyuma na mbele. "Na mikono yake iko wapi, papa?"

"Haina lazima ya mikono. Iko ya akili."

"Haya," akasema mlinzi, akarudi langoni kwake.

Wiki mbili za kwanza nilicheka kimoyomoyo. Mashine ilisema Kifaransa na Kiswahili cha redioni, kile cha watu wa mbali, na mtoto aliiangalia kwa heshima kidogo kisha akaja mbio kwenye sketi yangu. Ikimwita, hageuki. Ikiimba, anabonyeza kifungo mara ya pili. Nilimwambia mlinzi kwamba kile kitu kitaishia kuwekewa kitambaa cha meza na chombo cha maua juu. Nilikuwa na majivuno, na majivuno yangu yaliwaonyesha wao kilichopungua kwenye mashine.

Siku moja mama wa nyumba alinifuata jikoni. Alikaa juu ya kigoda changu, jambo ambalo hakuwahi kufanya.

"Tantini," akaniambia, kwa maana ndivyo walivyoniita, shangazi, "mutoto anajua sauti yako tu. Utatusaidia kidogo? Utasema na kuimba ndani ya hii mashine. Siku weye iko mu ruhusa, mutoto asilie."

"Ni hiyo tu, madamu?"

"Ni hiyo tu. Na imba ya lugha yenu, mama ya bwana yangu atafurahi."

Nilikubali, na nilikubali kwa furaha. Ilinipendeza kufikiri kwamba hata nikiwa kanisani sauti yangu inashinda na mtoto. Siku ya kwanza nilisema maneno ya kila siku: kuya kula, yaani njoo ule, toa mu kinywa, usiguse, kaa chini, lala sasa. Yeye alishika simu, akabonyeza, nami nikasema mbele ya mashine huku mtoto yuko mgongoni ananivuta kitambaa cha kichwa. Mwishoni niliimba wimbo wa mama yangu, wote, na nilipiga mgongo wa mashine mara tatu, mara tatu, kwa mazoea. Mama wa nyumba akacheka. Nami nikacheka.

Siku ya pili nilikuwa nimesimama mlangoni mwa jikoni, mtoto mgongoni, nachekecha unga. Wao wawili walikuwa sebuleni wanaongea Kifaransa. Katika nyumba ile Kifaransa kilikuwa pazia lao. Walikivuta kila walipotaka nisisikie. Hawakuwahi kuniuliza nilifika wapi shuleni. Nilifika mwaka wa tano wa sekondari, kabla vurugu hazijatuhamisha, na Kifaransa changu cha imla mwalimu alikuwa anakisoma mbele ya darasa.

Mke alisema nikishamaliza kuingiza sauti wiki hii, mwisho wa mwezi wataachana nami. Mume akauliza mama yake atasemaje. Mke akajibu kwamba mama mkwe anachotaka ni mtoto kusikia lugha, basi ataisikia kutoka kwenye mashine. Kisha akasema neno ambalo silitoi moyoni mpaka leo. Alisema kila anachokifanya yule mwanamke tayari kiko mle ndani.

Kila anachokifanya. Mwaka na miezi mitano, na magoti yaliyokaza ubavuni, na homa zote zile. Ningeweza kuingia sebuleni na kuwajibu kwa Kifaransa chao, na hadi leo napenda kuwaza nyuso zao zingekuwaje. Desturi yenyewe ilitaka niseme. Lakini desturi ile ni ya watu wanaotaka kupatana, na mimi dakika ile sikutaka kupatana na mtu. Nilitaka waumie, na waumie mahali ambapo hawatajua wamepigwa na nini.

Nilifungua kikwembe, nikamshusha mtoto, nikamweka kwenye mkeka. Akainua mikono ili nimpandishe tena. Nikatikisa kichwa. Akalia, akanyamaza, akainua tena mikono, akalia. Sikumbeba. Tangu saa ile sikumbeba tena hata mara moja katika siku zote zilizobaki. Nilimlisha, nilimwogesha, nilimkalisha chini. Mama yake hakugundua. Mlinzi ndiye aliyeniuliza kama naumwa mgongo, nikamwambia ndiyo.

Siku ya tatu nilimwambia mama wa nyumba kwamba ule wimbo wa kulala ulitoka vibaya, jogoo wa jirani aliwika katikati. Afadhali tuufute, tuurudie. Akasema mimi ni mtu wa bidii. Akashika simu, nami nikapiga magoti mbele ya mashine, nikayatazama yale macho yake ya bluu, nikaimba.

Huo haukuwa wimbo wa kulala. Kwetu wanawake wana wimbo wanaomwimbia mzazi kijana anayekimbilia ngoma na sherehe akiwa ameacha mtoto kwa watu. Wanauimba mtoni, wanauimba kwenye kusaga, wakati mwenyewe anapita. Hawamtaji jina, hakuna haja. Kwa Kiswahili unakuwa hivi:

Mbuzi amezaa, anamlamba mtoto wake.
Kuku ameangua, anafunika watoto wake.
Wewe umezaa, ukatazama huku na huku,
ukauliza ni nani atakulambia.

Una beti sita na kila ubeti unazidi kuuma. Wa mwisho unamshauri mwanamke huyo aweke jiwe kitandani alinyonyeshe. Niliziimba zote sita kwa sauti laini kabisa, polepole, kwa mapigo ya mara tatu ili mtoto alale nao. Mama wa nyumba alisimama karibu yangu akitingisha kichwa kwa kufuata.

"Ni tamu," akasema. "Iko tamu kupita ya kwanza."

"Aksanti, madamu," nikamjibu.

Nikisema sikusikia raha nitakuwa mwongo. Nilisikia raha mpaka kwenye vidole vya miguu.

Mwisho wa mwezi ulipofika walifanya kwa adabu. Alinipa mfuko wa nguo za dukani, akanishika mkono, akasema niwe napita kumsalimu mtoto. Aliagiza niletewe soda. Sikuigusa. Mtoto alikuwa sebuleni, mashine inamwambia kwa sauti yangu akae chini, naye akakaa chini. Nilimwangalia kutoka mlangoni. Hakunitazama, alikuwa ananisikiliza kule.

Nikaanza kuuza samaki wakavu wanaotoka ziwani Tchomia, meza moja sokoni. Mlinzi alikuwa anapita kununua, na kupitia kwake nilijua yote. Mzee yule hana haraka ya kusimulia. Anachagua samaki mmoja mmoja, ananusa, halafu ndipo anatoa habari. Aliniambia mtoto anaifuata mashine kila chumba, nayo inamfuata. Aliniambia hapigwi, haanguki, mama yake anamwona kwenye simu. Halafu akainama juu ya meza.

"Weye unajua nani iko anapangusa mutoto matako?"

"Nani?"

"Mimi. Mashine inaniita, 'Papa wa lango, mutoto amechafuka.' Na sauti ya madamu kutoka dukani. Mimi, na umuri huu, natoka ku lango, nanawa mikono, naenda kupangusa matako. Sababu ile kitu haina mikono. Si nilimuuliza siku ya kwanza?"

Nilicheka mpaka nikashika meza. Lakini alipoondoka sikucheka tena. Watu wa kule mbali wanaotengeneza vitu hivi huenda wana nia njema, na labda kuna nyumba ambazo mashine ingekuwa nafuu kuliko mtu, ninazijua nyumba hizo. Lakini niliwaza nani atajua magoti yakikaza. Niliwaza mtoto akipata homa, mashine itamwambia alale sasa, kwa sauti yangu. Kisha nikajiambia hayo si yangu tena, na nikaendelea kusubiri kama mtu aliyebandika maharage, anayejua yataiva tu.

Yaliiva Jumapili moja. Mama mkwe alikuja kutoka Fataki pamoja na ndugu wa ukoo, watu kama kumi na tano, kumshukuru Mungu kwa mtoto kutimiza miaka miwili. Walitoka kanisani, wakakaa uani chini ya turubai, chakula kikaletwa. Mtoto alikuwa mzito wa kusema. Alikuwa na neno la maji na neno la hapana, na wageni walikuwa wameanza kunong'onezana. Mama yake akataka kuwaonyesha kwamba mtoto ana akili. Akaileta mashine katikati, akasema sikieni, inamlaza kwa lugha yenu.

Mtoto mwenyewe akabonyeza kifungo. Sauti yangu ikatoka, laini, polepole. Mlinzi alikuwa anapita na sinia la maji ya kunawa, aliona yote.

"Wamama walianza kucheka kidogo, wakifikiri ni mchezo," aliniambia. "Kisha wakanyamaza. Kisha ule mutoto akaimba. Ule mutoto hasemi, unajua? Akaimba yote. Mbuzi, kuku, jiwe, yote. Anapiga mapaja yake mara tatu, mara tatu. Na mama yake iko anapiga makofi."

"Anapiga makofi?"

"Peke yake. Pale uani nzima ni yeye peke yake iko anapiga makofi."

Mama mkwe alisimama. Alimuuliza mwanawe kama anaelewa kinachoimbwa, na mwanawe, mnunuzi wa dhahabu, mtu wa Dubai, akatazama sahani. Basi mama huyo mwenyewe akamtafsiria mkwewe, kwa Kiswahili, ubeti kwa ubeti, kwa sauti ya kawaida ili wote wasikie. Kisha akafunga kikwembe chake vizuri kiunoni na akatoka langoni bila kuonja chakula. Waliokuja naye wakainuka mmoja mmoja, wakamfuata. Nyama ya mbuzi mzima ilibaki kwenye sahani. Kwetu mtu anaweza kukutukana ukasahau, lakini mama mkwe akiacha chakula chako bila kukigusa, hilo litasimuliwa hata harusini kwa mjukuu.

Nilimpa mlinzi samaki wawili wakubwa bure. Jioni ile nilioga, nikapaka mafuta, nikatembea mjini bila kazi yoyote. Nilipita mbele ya duka lake lililofungwa na nikajisikia mwepesi.

Kesho yake mapema, kabla ya kurudi Fataki, mama mkwe alikuja sokoni. Alisimama mbele ya meza yangu, mwanamke mrefu mwenye fimbo, akanitazama muda mrefu. Nilisimama, nikamsalimu kwa lugha yetu. Yeye akanijibu kwa Kiswahili, na nikajua amekasirika na mimi pia.

"Ni weye uliimba?"

"Ni mimi, mama."

"Wakati uliimba, mutoto alikuwa mu mugongo yako?"

"Hapana, mama. Nilimuweka chini."

Akatikisa kichwa taratibu. "Weye mugongo uliichunga," akasema. "Sauti haukuichunga." Akaondoka bila kununua kitu.

Sikulielewa neno lake. Nilidhani ni maneno ya mtu mzima aliyelala na njaa.

Baada ya siku nane mama wa nyumba akaja kwangu. Mvua ilikuwa imeharibu njia, gari halikuweza kuingia, kwa hiyo alikuja kwa miguu, viatu mkononi, mtoto amemkumbatia kifuani vibaya kama watu wasiozoea wanavyokumbatia, na begani begi kubwa ambalo ndani yake mashine ilichomoza kichwa. Siku hiyo nilikuwa nimeiwazia kwa miezi. Nilikuwa nimepanga hata kigoda atakachokalia, kile kibovu. Nikamkalisha juu yake. Sikumpa maji.

"Tantini," akasema, "ulinipiga vibaya."

"Nani alianza, madamu?"

Matope yalikuwa yamemfika kwenye mashavu ya miguu. Nilimsubiri aseme nirudi. Nilikuwa na jibu langu tayari, nililipika kwa miezi, kwa Kifaransa safi, na nilikuwa nimeamua nitalisema nikiwa nimesimama. Akitaka nirudi, nitasema hapana. Kisha nitamwacha alie kidogo. Kisha labda, kwa ajili ya mtoto, tungekunywa maji.

"Mama mukwe amesema hataingia kwangu kama ile wimbo ingali ndani," akasema. "Bwana yangu amejaribu kuitoa, ameshindwa. Tukiweka sauti ya mutu ingine, mutoto halali. Analia mpaka anatapika. Ni sauti yako tu." Akaitoa mashine kwenye begi, akaiweka juu ya udongo, akaipangusa matope kwa kitambaa chake cha kichwa. "Nakuomba. Imba ile ya kwanza. Dakika mbili tu, ninarekodi, ninaenda."

Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba hakuja kunichukua. Alikuja kuchukua wimbo. Kisasi chote kile, na mbuzi mzima aliyebaki kwenye sahani, na bado kwake nilikuwa kitu cha kumiminwa katika chombo. Lile jibu langu la Kifaransa lilinikauka mdomoni kwa sababu swali lake halikuulizwa.

Nikamwambia, "Unataka sauti, bila mugongo?"

"Mugongo iko wapi, tantini? Ni weye ulimuweka chini."

Kumbe mlinzi alimwambia. Au ni mama mkwe, niliyemwambia mwenyewe sokoni. Sikutaka kumwuliza. Nikageukia mtoto. Alikuwa amesimama kati yetu, amerefuka, nywele zimesukwa vizuri kuliko nilivyokuwa namsuka mimi. Nilijua nitashinda hapo. Ataniona, atainua mikono, na mama yake ataona kwa macho yake mwenyewe kitu ambacho hakiko ndani ya mashine. Nikachuchumaa, nikafungua mikono.

"Kuya," nikamwambia. "Kuya kwa tantini."

Alishtuka. Sauti aliijua, niliona uso wake wote ukifunguka. Akageuka, akakimbia, akapiga magoti kwenye udongo na kuweka sikio lake juu ya tumbo la mashine.

Macho ya bluu yalikuwa yamezimwa. Akaibonyeza. Kimya. Akanigeukia polepole na kunitazama mdomoni. Nikasema tena, "Kuya," na safari hii aliona midomo yangu ikitembea. Alikuja hatua moja, akasimama, akaja nyingine.

Sikuimba wimbo wa kisasi. Kwa haki ya Mungu, sikuukumbuka hata. Niliimba ule wa mama yangu, nilioufuta mwenyewe kwa mkono wangu, na nilinyoosha mkono nimpige matakoni mara tatu. Aliusogeza mkono wangu pembeni, bila hasira. Alikuwa anatafuta kitu mwilini mwangu. Akapapasa kifua, akapapasa mkanda wa kikwembe, akafika kwenye kitovu. Akabonyeza kwa kidole chake kimoja, akangoja.

Nikaendelea kuimba. Nini kingine ningefanya? Alinisikiliza mpaka ubeti wa pili, kichwa upande, kama mtu anayesikia wimbo anaodhani anaujua kisha anagundua siyo. Mama yake alikuwa amenyanyua simu arekodi, halafu akaishusha mwenyewe na kuiweka mapajani.

Mtoto akanibonyeza tumboni mara ya pili.

Nikanyamaza.